Shahidi Aliyelazwa

Mlango wa wodi ya saratani ulikataa kufunguka. Lukelo Mgaya aliusukuma mara ya pili, taratibu, kama mtu anayedhani amekosea upande, na sauti iliyotoka juu ya fremu ikarudia kwa utulivu uleule:

"Mgaya, Lukelo. Una kilevi. Subiri."

Watu waliokuwa kwenye viti wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa anafuma sweta akaacha kufuma.

"Sijanywa," Lukelo aliuambia mlango. Kisha akawageukia watu. "Sijanywa, jamani. Nimetoka kutundikiwa dawa sasa hivi. Muulizeni nesi."

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, dereva wa treni za mizigo katika stesheni ya Makambako, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwa ameonja pombe ya aina yoyote. Hilo kila mtu wa mjini alilijua, kwa sababu kabla ya miaka hiyo kumi na mmoja kila mtu wa mjini alikuwa amewahi kumwokota mtaroni.

Nesi alimpigia simu mfamasia. Enesia Luvanda alikuja mbiombio akiwa bado amevaa kofia ya chumba cha kuchanganyia dawa. Akamkuta Lukelo amesimama ameegemea ukuta, uso umemwiva, akikazana kusimama wima kuliko ilivyohitajika.

"Kamwene, Mzee Mgaya," alimsalimia. "Kaa kwanza."

"Nikae vipi na watu wote hawa wameshasikia?"

"Njoo ukae huku kwangu, basi."

Alimpeleka kwenye kijichumba chenye rafu za dawa, akamfungia mlango. Lukelo alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka kiganja chini ya mfupa wa bega la kushoto, mahali ambapo kila mtu mzima alikuwa na kipande kidogo kama punje ya mchele chini ya ngozi. Kwenye nyaraka za serikali kilikuwa na jina refu. Watu walikiita shahidi.

Shahidi alinusa kilevi kwenye damu. Akikikuta, aliiambia milango, magari, mashine za kiwandani na injini za treni, na vyote vikamkatalia mwenye damu hiyo mpaka isafike. Sheria ya Kiasi ilipitishwa baada ya mabasi mawili kugongana mlimani na kuua watoto wa shule thelathini na wanane, na Enesia, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo, aliandamana barabarani kuidai. Hakuwa amewahi kujuta. Ajali zilipungua. Wanawake wengi walilala bila kupigwa. Mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi ilikatwa mabonde kwa mabonde, na wazee walinung'unika, lakini walinung'unika wakiwa hai.

"Niambie ukweli, daktari," Lukelo alisema. "Mmenitia nini?"

"Dawa yako asili yake ni magome ya mti. Haipatani na maji. Ukiitia kwenye maji inaganda kama mafuta ya ng'ombe kwenye baridi, na ikiganda haifiki kwenye uvimbe. Inayeyuka kwenye spiriti tu. Kwa hiyo tunaiyeyusha kwenye spiriti, halafu ndiyo tunakutundikia."

"Kwa hiyo mmenilewesha."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Enesia alipiga hesabu kichwani. Uvimbe wa tezi dume ulikuwa umeshafika kwenye mifupa, kwa hiyo dozi ilikuwa kubwa. "Kama lita moja ya ulanzi. Ule uliochacha."

Lukelo aliitazama mikono yake kama anayeitambua baada ya kuipoteza siku nyingi.

"Haina nyingine? Isiyo na spiriti?"

"Ipo. Tumeiagiza tangu mwaka jana. Haijafika."

"Na dozi zangu ni sita."

"Ni sita. Kila baada ya wiki tatu."

Hawakuhitaji kuambiana kilichobaki. Mfanyakazi yeyote aliyepata alama tatu za kilevi ndani ya mwaka mmoja aliondolewa kazini, na aliyeondolewa kazini kwa kilevi aliondolewa pia kwenye matibabu ya mwajiri. Dozi ya tatu ingemnyima ya nne.

* * *

Enesia aliandika barua kwa ofisi ya Kiasi ya mkoa. Aliambatanisha majibu ya vipimo, maelezo ya dawa, na sahihi za madaktari wawili. Jibu lilikuja siku ya nne, mistari mitatu. Zamani ruhusa za wagonjwa zilikuwepo, waliandika, zikafutwa baada ya watu elfu kadhaa kukutwa na vyeti vya uongo. Sheria hupima kilichomo kwenye damu, haipimi kilikopitia. Ofisi inamtakia mgonjwa afya njema.

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Akili yake ilikataa kuichukia barua ile kabisa, kwa sababu mstari wa pili ulikuwa wa kweli.

Siku ya dozi ya pili, kabla ya kumtundikia, alimwita Lukelo kwenye chumba cha mashine ya sumaku, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Sumaku ile ilikuwa na nguvu kiasi cha kumchoma shahidi chini ya ngozi, kwa hiyo kila anayeingia kupigwa picha shahidi wake hulazwa kwanza. Kifaa cha kumlaza kilifanana na pasi ndogo. Aliyelazwa hulala saa kumi na mbili, na katika usingizi wake huendelea kurudia neno la mwisho alilosema akiwa macho. Waliomtengeneza walifanya hivyo makusudi, ili mgonjwa asije akafungiwa hospitali na milango isiyosikia jibu.

"Ukiwa safi sasa," Enesia alimweleza, "nikimlaza, atasema safi mpaka jioni. Hata kama si kweli."

Lukelo alimtazama. "Unajua unachokifanya, dada?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada badala ya daktari.

"Najua. Na nina sharti moja. Utakaa humu wodini saa sita baada ya dawa kuisha. Hutatoka hata kama mlango unafunguka. Saa sita, mwili unakuwa umekimaliza. Kisha unakwenda nyumbani. Nyumbani, si kazini."

"Saa sita."

"Niahidi."

"Dada, mimi nimewahi kuahidi watu vitu vingi nikiwa nimelewa. Huyu anayekuahidi sasa hajalewa. Nakuahidi."

Akakandamiza kile kifaa chini ya mfupa wa bega. Kililia mara moja, kama ndege mdogo.

Kwa dozi ya pili na ya tatu mambo yalikwenda kama walivyopanga. Lukelo alilala kwenye kitanda cha pembeni amejifunika uso kwa kofia. Mara moja Enesia alipita akamkuta anatabasamu peke yake, na alipomwona akaacha, akaona haya. "Inanirudia, dada," alisema. "Ile furaha ya bure. Nilikuwa nimeisahau. Ombea niisahau tena."

Maneno ya wodini hayakai wodini. Kabla ya mwezi kwisha, Enesia alikuwa analaza mashahidi wa watu watano: Lukelo, mwalimu wa shule ya msingi, mshonaji wa nguo, karani wa mahakama, na Fidelis Kihwele, kijana wa miaka thelathini na mitatu aliyeendesha winchi kubwa kwenye mitambo ya upepo juu ya vilima vya nje ya mji. Wote aliwapa sharti lile lile. Wote waliahidi.

* * *

Siku ya dozi ya nne ilikuwa Jumatano yenye upepo wa baridi. Dawa ya Lukelo iliisha saa mbili asubuhi. Saa nane mchana nesi alimtoa damu ya kupimwa kama kawaida, akaiweka kwenye friji, na mgonjwa akapita dirishani kwa Enesia kuaga.

"Saa sita kamili, dada. Naondoka."

Enesia alikuwa anachanganya dawa za watu wengine wawili, mikono imo ndani ya glovu nene, nyuma ya kioo. Alimtazama mara moja. Alisimama sawa. Aliongea sawa. Akamwitikia kwa kichwa.

Kwenye kompyuta iliyokuwa mezani nyuma yake kulikuwa na majibu ya ini la Lukelo, yaliyoingia tangu asubuhi. Hakuwa ameyafungua. Yangemwambia kwamba ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye ini wiki zile tatu, na kwamba ini lile halikuwa tena na uwezo wa kumaliza lita ya ulanzi kwa saa sita, wala kwa saa kumi.

Shahidi angemwambia pia. Lakini shahidi alikuwa amelala.

Saa tisa na nusu, Lukelo akiwa njiani kwenda nyumbani, simu yake iliita. Mwenzake aliyekuwa zamu alikuwa ameanguka kwa homa, na mabehewa kumi na manane ya mbolea yalikuwa yamefunga njia. Kazi ya nusu saa tu: kurudisha nyuma, kuunganisha, kuondoka. Akageuza njia. Akapanda ngazi ya injini. Injini ikamuuliza shahidi wake, shahidi akajibu "safi", injini ikawaka.

Nyuma, katikati ya behewa la sita na la saba, alikuwa Tabita Ngailo, mfungaji wa mabehewa, msichana wa miaka ishirini na sita. Alipiga filimbi moja ya kusimama. Kila aliyekuwa uwanjani aliisikia. Injini ilisimama, lakini ilisimama kwa kuchelewa, urefu wa hatua nne.

* * *

Taarifa ya shirika la reli ilibandikwa kwenye geti la stesheni siku ya tatu. Dereva alikutwa safi. Breki zilikutwa nzima. Kwa hiyo marehemu aliingia kati ya mabehewa kabla ya kutoa ishara, kinyume cha taratibu, na uzembe ulikuwa wake.

Enesia alikwenda kuisoma kwa macho yake. Mbele ya karatasi ile alikuwa amesimama mwanamke mfupi aliyejitanda kanga nyeusi, akiigusa kwa kidole mstari kwa mstari.

"Wewe unasoma vizuri?" mwanamke yule alimuuliza bila kugeuka. "Hapa wameandika uzembe?"

"Ndiyo, mama. Wameandika hivyo."

"Mwanangu alikuwa anahesabu hatua hata jikoni. Anabeba chungu, anahesabu. Tulikuwa tunamcheka." Alikirudisha kidole kwenye lile neno, akakiacha hapo. "Basi wanizikie mtoto, lakini wasimwandike hivi."

Enesia alirudi kazini kwa miguu na upepo ukimpiga usoni njia nzima. Alipofika, ndipo alipofungua majibu ya ini.

Lukelo alikuja kesho yake, si siku ya kliniki. Alikuwa hajanyoa ndevu. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki bila kukaribishwa.

"Nataka uniambie kitu kimoja," alisema. "Nilikuwa nimelewa?"

"Kulikuwa na tatizo kwenye ini. Mimi ndiye niliyechelewa kuangalia. Kama ningefungua..."

"Sikukuuliza habari za ini. Damu yangu ya siku ile ipo?"

Ilikuwepo, kwenye friji, kwenye kichupa chenye kizibo cha kijivu. Enesia aliitoa. Akaitia kwenye mashine ya kupimia. Namba ilipotokea kwenye kioo aliigeuza mashine ili Lukelo aione mwenyewe. Hata nusu ya ile pombe ilikuwa haijaisha mwilini. Ilikuwa mara nne ya kiwango kinachomfungia mtu mlango wa basi.



"Nilijua nimelewa," Lukelo alisema. "Hilo ndilo nimekuja kusema. Nilipokanyaga ngazi ya kwanza ya injini, nilijua. Lile joto la nyuma ya masikio. Mtu aliyelewa miaka ishirini hawezi kulisahau. Nikasimama pale ngazini. Nikajiambia, saa sita zimepita, dada amesema. Nikajiambia, ngoja tuone injini itasemaje. Injini ikasema safi. Nikaiamini, kwa sababu nilitaka kuiamini."

"Mzee Mgaya..."

"Yule binti alipiga filimbi. Niliisikia. Niliisikia kama inatoka mbali, kama ya mtu mwingine." Akafuta uso kwa kofia. "Nakwenda kusema. Lakini nikisema peke yangu wataangalia mitambo yao, mitambo itawaambia mzee amechanganyikiwa na huzuni. Shahidi wangu alisema safi. Anayejua kwamba alikuwa amelala ni wewe."

"Unajua wakijua, dozi zako zinaisha."

"Zilikuwa mbili," Lukelo alisema. "Namba za hilo ini nimeziona hapo kwenye kompyuta yako. Wewe unajua hizo dozi zingenisaidia nini."

* * *

Enesia aliwaita wale wanne kwanza. Hakutaka waje kusikia kwa watu. Mwalimu alilia. Mshonaji akauliza kama anaweza kumaliza dozi iliyobaki kabla ya kikao cha uchunguzi, na Enesia akasema hapana. Karani alichukua koti lake, akaondoka. Fidelis Kihwele alibaki.

"Dada, nisikilize," alisema. "Mimi nikitoka hapa nakaa nyumbani siku mbili. Siku mbili nzima, muulize mke wangu. Sijawahi kugusa winchi kabla ya siku mbili. Mimi si Mgaya."

"Najua."

"Nimebakiza dozi moja. Uvimbe umebaki kama punje ya njegere, daktari mwenyewe amenionyesha picha. Moja tu."

"Najua, Fidelis."

"Basi usinitaje."

Enesia akainuka, akamfungulia mlango.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika kwenye ukumbi wa stesheni. Lukelo aliongea kwanza, amekaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Alisema alijua amelewa kabla ya injini kuwaka. Mama Ngailo alikuwa kiti cha mbele na hakumwondolea macho. Kisha Enesia alisimama, akaweka mezani kile kichupa cha damu na karatasi ya majibu, akaeleza kuhusu spiriti, kuhusu kifaa kama pasi, kuhusu majibu ambayo hakuyafungua. Mwenyekiti wa kikao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, Veredika Mbilinyi, aliandika kila neno kwa mkono wake.

"Kwa hiyo marehemu alitoa ishara kwa wakati," alisema.

"Ndiyo."

"Iandikwe hivyo." Kisha akavua miwani. "Mfamasia, ulimfanyia Mgaya peke yake?"

"Hapana."

"Wangapi wengine?"

"Wanne."

Ukumbi ukanong'ona. Mwenyekiti akasubiri unyamaze.

"Nataka majina."

Kwa siku tano Enesia alikuwa ameufikiria mkono wa sheria ukimshika, na haukumtisha tena. Alimfikiria mwalimu na chaki yake, mshonaji na cherehani yake. Karani na makaratasi yake. Hao wakipepesuka, wangeangusha nini? Akafikiria mapanga ya mitambo ya upepo, kila moja refu kuliko kanisa, likining'inia kwenye winchi juu ya vichwa vya vijana kumi na wawili. Siku mbili nyumbani, Fidelis alisema. Na Lukelo alisema saa sita. Ini la Fidelis lilikuwa zima wiki iliyopita. La Lukelo nalo lilikuwa zima wiki tatu tu kabla ya kuwa bovu.

"Watatu sitawataja," alisema. "Kazi zao haziwezi kumuua mtu. Mnaweza kunifunga kwa hilo."

"Na wa nne?"

Aliangalia nyuma bila kutaka. Fidelis alikuwa amekaa karibu na mlango na mkewe, amevaa shati la kwenda kanisani. Alikuwa anatikisa kichwa, taratibu sana, kama anayemkataza mtoto.

"Kihwele," Enesia alisema. "Fidelis Kihwele. Anaendesha winchi."

Mkewe ndiye aliyesimama. Hakupiga kelele. Alimshika mumewe mkono, akamwinua, wakatoka, na mlango ukawafungukia kwa sababu siku ile Fidelis alikuwa safi.

Taarifa ya getini ilibanduliwa kabla ya jua kuzama, na nyingine ikabandikwa mahali pake. Lukelo Mgaya alifariki mwezi wa pili baada ya hapo, kwenye wodi ya wafungwa, kabla ya hukumu. Fidelis aliondolewa kazini, na dozi yake ya mwisho hakutundikiwa. Enesia alipewa miaka mitatu na kufutiwa leseni. Akiwa mwaka wa pili gerezani, Sheria ya Kiasi iliongezwa kifungu: mgonjwa wa saratani atapata ruhusa ya siku tatu baada ya kila dozi bila kuandikiwa alama, na kwa siku hizo tatu hatagusa mashine yoyote. Askari wa kike alimletea gazeti, akidhani anamletea habari njema.

Aliisoma habari yote mpaka mwisho, akamshukuru askari. Kisha akaomba karatasi na kalamu. Alikaa navyo mapajani hadi kengele ya chakula ilipolia, akiwa ameandika juu kabisa, kwa mwandiko mzuri, "Kwa mjane wa Fidelis Kihwele", na chini yake hakuna kitu.